Cheti cha Njia

Nimempaka baba jeli baridi kifuani,
juu ya mbavu nilizokuwa nikizihesabu kwa kidole utotoni
alipolala mchana, ametoka zamu ya usiku stesheni.
Kioo cha mashine ni kijivu. Feni haizunguki.
Ukuta wa mbele wa moyo wake hauchezi.
Kwingine nyama inajikunja, inaachia, inajikunja;
pale pamekaa tu,
kama mtu aliyekuja msibani akasahau kuondoka.

"Ni kovu," namwambia.
"Lina kazi gani?"
"Kushikilia. Halipigi."
"Basi limeajiriwa serikalini,"
anacheka, na kicheko kinaishia kikohozini.

Lugusha wa Cheyo, mshika swichi,
miaka thelathini na mmoja pale reli inapogawanyika Tabora,
hii ya Mwanza, hii ya Kigoma.
Hakuna dereva aliyeondoka bila karatasi yake yenye mhuri:
njia ni yako mpaka Usoke,
hakuna mwingine.

Jana usiku mdogo wangu Kalunde, anayesoma huko kwenye theluji,
ametuma video ya sekunde kumi na mbili.
Kisahani cha kioo, upana wa kizibo cha soda.
Ndani yake utando mwembamba, rangi ya ufizi,
na utando unapiga.
Hauna mwili. Hauna mwenyewe.
Hauna wa kumkimbia wala wa kumkimbilia.
Unapiga.

Zilikuwa seli za ngozi, ameandika, za mkono wa mtu.
Tumezirudisha nyuma mpaka zikasahau ungozi wao,
zikawa seli shina,
ndipo tukazifundisha moyo.

Shina.
Nimelala na neno hilo mdomoni.
Uyui tumeifyeka miyombo kulisha mabani ya tumbaku,
na bado kila Oktoba, mvua haijanusa hata vumbi,
visiki vinatoa majani mekundu,
mekundu kabisa, kama vina hasira.
Moyo wa mtu haujui ujanja huo.
Ukijeruhiwa unatia kovu, unanyamaza.

Nimemweleza baba, nusu Kinyamwezi, nusu Kiswahili.
Ameitazama video mara nne,
simu ameishika mbali kama anayesoma kibao cha barabarani.
Nikangoja aulize bei. Au lini.
Au kama Mungu anaruhusu.
Akauliza:
"Zikipandwa humu, zitapiga kwa saa ya nani?"

Sikujibu, maana ndilo hilo.
Mwishoni mwa ujumbe Kalunde alikuwa ameandika habari za nguruwe wao:
siku tisa moyo wake ulikwenda mbio usiku na mchana,
seli ngeni zikipiga pigo lao,
nyama ya zamani ikipiga lake.

"Treni mbili, reli moja," akasema baba.
Akatazama dirishani, ambako hakuna kitu ila tangi la maji.
"Kuna kijana aliondoka bila cheti, mwaka ule wa mvua.
Injini ilikuwa mpya. Injini haikuwa na kosa."
Hakumalizia. Hajawahi kuimalizia hiyo.

Nimeandika ripoti: asilimia thelathini na mbili.
Nimemhesabia vidonge, vyeupe viwili, nusu ya kile cha njano,
nikamwambia ukweli, kwamba dawa ile bado,
kwamba huku kwetu bado ya bado.
Nikamwandikia Kalunde: mzee anauliza nani atazipa cheti.
Jibu limekuja papo hapo, kumbe huko hawalali:
Mwambie ndiyo kazi yangu yote. Mwambie sijakipata.

Namsomea. Anafunga vifungo vya shati, anakosea kimoja, anaanza upya.
"Mwandikie hivi," anasema, ananinyooshea mkono wa kulia,
kiganja kigumu, kimepasuka kwa mpini wa swichi.
"Wakitaka ngozi, wachukue hapa.
Hii imezoea kusubiri.
Hata wakiisahaulisha,
haitasahau yote."

Nikafuta jeli iliyobaki shingoni mwake.